Kilele cha Kwanza

"Baba yako alishika ngazi tu, Elwood! Misumari ya kilele kile aliipiga baba yangu."

"Wacha uzushi, Zofia!"

Treni ya kuporomoka, inayopanda vilele vya mbao na kushuka kwa kasi pale bustani ya michezo, ilikuwa inatimiza miaka tisini, na kibao cha ukumbusho kingebeba jina la fundi mmoja, aliyejenga kilele cha kwanza. Zofia na jirani yake Elwood, kila mmoja alitaka liwe la baba yake. Zofia akamwita mlangoni kwake Merle, anayekagua reli hizo kila asubuhi kwa nyundo, aseme ni jina lipi lililoandikwa kileleni. Kwenye treni ile fundi huandika jina lake chini ya kila ubao anaouweka.

"Majina ya wazee wenu?" Merle akauliza. "Mbao zao zilioza, Bi Zofia. Kilele chote sasa kina jina langu."

Zofia akacheka.

"Basi tumegombea hewa. Elwood, ingia. Nawe fundi, ingia, pierogi zangu za kujazwa viazi zinapoa mezani."