Mstari wa Lwiro

Siku hizi wanafunzi wa Lydie hufungua mistari ya matetemeko ya dunia nzima kwenye simu zao, kisha hupiga miayo. Wangejua! Wakati wa vita, Lydie mwenyewe akiwa mwanafunzi, darasa lake zima lilikuwa na kompyuta moja tu, tena ya kukodi, katika cyber moja, duka la intaneti, mtaani Ibanda. Kila Jumatano walibanana mbele yake kama visamaki vya sambaza kwenye kikaango.

"Sogeza kichwa yako, na miye nione!"

Raha ilikuwa hiyo. Mwalimu wa jiografia, Floribert, alifungua ukurasa ambamo vituo vya nchi nyingi viliweka mistari iliyochorwa na mashine zao za kupimia matetemeko, bure kwa yeyote. Walizunguka Japani, wakapita Chile, wakarudi nyumbani, kwenye kituo cha Lwiro, nje ya mji wao. Mstari wa Lwiro ulikuwa wa baba yake Lydie, Papa. Ndiye aliyeitunza mashine ya kituo hicho, na ndiye aliyemwomba mwalimu awaonyeshe watoto kila Jumatano.

Kisha mapigano yakaifunga barabara ya Lwiro, Papa akiwa hukohuko, na mstari ukakatika. Jumatano ya kwanza walisema ni umeme. Iliyofuata waliishia Chile. Nyumbani maman yake aliendelea kupakua chakula cha Papa na kukifunika, na Lydie hakuthubutu kumuuliza. Cyber aliiogopa, lakini alikwenda. Kubaki nyumbani kungemuuma zaidi.

Jumatano moja mstari ulikuwepo. Ulinyooka, ukaota vijino vidogo vidogo, ukatulia, ukaota tena.

"Tetemeko!" Bienfait, mmoja wa wanafunzi, alipiga kelele.

Mwalimu aliangalia saa iliyoandikwa chini ya mstari. Ilikuwa saa ileile ya somo lao.

"Hapana. Hii ni mutu anatembea pembeni ya mashini."

Lydie aliisogelea skrini. Papa, aliyewafokea hata wakubwa wake kwa kupita karibu na mashine ile! Leo anaivunja sheria yake mwenyewe, makusudi, anakwenda na kurudi, kwa kuwa anajua ni Jumatano.

"Lydie, papa yako anapiga hodi!" alisema Aurore, rafiki yake.

Darasa zima likaitikia kwa sauti moja: "Karibu!" Lydie akalia bila haya, mbele ya wote.

Papa alizikwa mwaka juzi, mzee aliyeshiba miaka. Mstari wa Lwiro sasa ni safi, hauna hatua za mtu, na wataalamu wanausifu. Lydie bado huufungua kila Jumatano, na angependa sana, hata mara moja tu, aukute umechafuka.