Kompyuta Niliyoipandisha Kwa Mtandao

Leo asubuhi nilikuwa napepeta maharage na mama, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye waya wa simu. Niliuazima jana kwa Renatus wa bodaboda, nikauficha kwenye mfuko wa sweta. Mama akauliza mbona leo nimenyamaza kuliko siku zote. Nikaendelea kupepeta. Mimi hata nikiongea watu wanasema sijaongea.

Kompyuta yenyewe, ya kukunja, ilikuwa ya dada Oliva. Alipopata nyingine huko chuoni Dodoma, hii ya zamani akanitumia kwa basi. Rafiki zake walikuwa wametoa Windows, ile programu inayoiendesha, wakaweka nyingine iitwayo Linux, eti ni ya bure na haisumbuliwi na virusi. Neno la siri aliweka jina la ng'ombe wetu, Mabaka, ili nisisahau. Akampigia baba kwenye simu yake ya kitochi, akasema mwambie mdogo wangu akipata mtandao tutakuwa tunaonana kila Jumamosi. Mimi na Oliva tulilala kitanda kimoja tangu niache kulala na mama. Siku hizi nalala katikati na bado kitanda ni kikubwa.

Hapa Endasak mtu akikosa mtandao haulizi, anapanda. Juu ya mashamba kuna jiwe tunaloliita Kwa Mtandao. Ukisimama pale simu inashika. Kwa hiyo na mimi, nilipoona kompyuta haina waifai, nikaifunga kwenye kitenge mgongoni kama mtoto nikapanda nayo. Jumamosi hii, Jumamosi ile. Nilisimama juu ya jiwe nikaiinua juu ya kichwa. Hakuna kitu. Mzee Gidabuday, anayechunga ng'ombe wake pale, aliniwashia hotspoti ya simu yake ya tachi. Bado hakuna kitu.

"Binti wa Basili," alikuwa akinitania, "huyu ng'ombe wako wa kukunja mbona hali majani?"

Sikuumia sana. Nilijua Oliva yuko upande wa pili ananisubiri, ni mlima tu haujatosha.

Juzi ndiyo nikajikaza, nikamfuata mwalimu Lameck wa kompyuta wenzangu walipotoka. Alinifanya nirudie swali mara mbili, sauti haikutoka. Akafungua kompyuta, akaandika maneno fulani, akauliza kama huwa napanda nayo mlimani. Nikasema ndiyo. Hakucheka.

"Hata ungefika kilele cha mlima Hanang, isingeshika," akasema. "Kadi ya waifai imo humu ndani, ila Linux haijui kuongea nayo. Inakosa draiva, kiprogramu cha kuiendesha kadi."

Akanieleza kwamba kadi nyingine draiva zake haziji pamoja na Linux, lazima uzipakue kwenye intaneti. Nikawaza, sasa intaneti naipata wapi wakati ndiyo naitafuta? Akasema nichomeke simu ya tachi kwa waya, intaneti itapita humo. Intaneti ya shule ilikuwa imekatika, na simu yake iko kwa fundi.

Kwa hiyo leo mchana nikapanda tena. Njia nzima nilikuwa narudia sentensi moja.

"Shikamoo mzee. Naomba nichomeke simu yako kidogo."

"Marahaba. Leo ndiyo tunamnywesha maji?"

Akanipa. Nikachomeka, nikatafuta pale pa draiva. Jina la kadi likaja. Nikachagua, nikaandika Mabaka. Mstari wa kupakua ukawa unajaa polepole mpaka mzee akaenda kurudisha ng'ombe walioelekea shamba la watu. Nikaizima kompyuta nikaiwasha, nikachomoa waya. Mzee aliporudi akawasha hotspoti, jina lake likatokea kwenye kioo. Akaligusa kwa kidole.

"Huyu ni mimi," akasema.

Nikaingia Facebook, akaunti ambayo Oliva alinifungulia kabla hajaondoka. Juu kabisa kulikuwa na picha yake ya Jumamosi iliyopita. Yeye na wasichana nisiowajua wamebanana kwenye kitanda kimoja, wanacheka. Pembeni ya jina lake kulikuwa na kidoti cha kijani. Yuko hewani. Nikaandika: "Dada, ni mimi. Kumbe ilikuwa draiva, nimeweka. Nakuona uko hewani. Niko Kwa Mtandao, nipigie video nikuone."

Ujumbe ukaenda. Chini yake pakaandikwa kwamba ameuona.

Nikatengeneza sweta, nikajifuta uso, nikakaa mbele ya kioo. Ng'ombe wakaanza kuteremka wenyewe. Kile kidoti cha kijani kikazimika. Mzee alikuwa bado amesimama, ameegemea fimbo.

"Amejibu?"

"Mtandao uko chini," nikasema.

Akatazama simu yake. Hata mimi niliona mistari yote ya mtandao imejaa. Akaacha hotspoti inawaka, akakaa kwenye jiwe, akaanza kuwaita ng'ombe wake warudi.

Tulikaa mpaka bando lake likaisha. Kwenye kioo ujumbe wangu ulikuwa bado ndio wa mwisho.