Mikono ya Kumwinua Mama

Tangu kiharusi kimlaze Bi Mboni, aliyekuwa akimwinua kitandani ni bintiye Mwanahalima peke yake. Akishikwa na mtu mwingine, mama alilia. Waliishi Kibaha, nyumbani kwa Mwanahalima na mumewe Bilali, fundi seremala.

Asubuhi moja, akiwa anamgeuza mama, Mwanahalima alishikwa na maumivu kitovuni. Baadaye yakahamia chini, upande wa kulia. Ilipofika adhuhuri alikuwa anatapika na hawezi kunyooka. Bilali akamkimbiza hospitali.

Daktari Evodius, mtu wa sauti ya chini, alimbonyeza tumbo, akatazama na majibu ya vipimo.

"Dada, nahisi ni kidole tumbo," alisema. "Siwezi kuapa mpaka nione ndani, lakini dalili zote zipo."

"Nasikia siku hizi hawapasui," alisema Mwanahalima. "Wanatoboa matundu tu."

"Ni kweli. Matundu madogo, kamera inaingia, daktari anaona ndani kwenye skrini. Hata tatizo likiwa jingine, analiona. Maumivu ni machache na mtu anarudi kwenye shughuli zake mapema. Ila sisi hapa hatuna mashine hiyo. Itabidi nikupe rufaa uende Dar, usubiri zamu yako huko."

"Na ya kupasua?"

"Hiyo naifanya leo. Mshono mmoja hapa." Alimgusa juu ya nyonga. "Halafu usinyanyue kitu kizito kwa wiki kadhaa."

"Nina mama nyumbani, daktari. Namwinua mimi."

"Hata kwa matundu ungepumzika, ingawa si muda mrefu hivyo. Ninachoogopa ni kidole tumbo kupasuka wakati unasubiri. Usaha ukisambaa tumboni, hali itakuwa nyingine kabisa."

Mwanahalima alimtazama mumewe.

"Pona wewe kwanza, Mwana," Bilali alisema. "Mama tutamwangalia."

Akakubali kupasuliwa.

Alipozinduka aliambiwa kidole tumbo kilikuwa kimevimba na kimeanza kuoza nchani. Bilali alimshukuru Mungu. Mwanahalima aliuliza nani yuko na mama.

Mama alikuwa amepelekwa Chole, Kisarawe, kwa Naila, mdogo wake Mwanahalima. Naila alijitahidi, lakini hakuuzoea mwili ule mzito. Alimvuta kwa shuka, mama akaguna kwa maumivu. Chakula akawa anakitema. Muda mwingi alitazama mlangoni.

Siku aliyoruhusiwa, Mwanahalima alimwambia Bilali wasipitie nyumbani, waende Chole moja kwa moja. Mama alipomwona, aliinua ule mkono wake mmoja uliobaki na nguvu. Alitaka kuinuliwa.

"Siwezi, mama. Nimeshonwa."

Mkono ulibaki juu. Mwanahalima akafunua khanga amwonyeshe bandeji. Mama aliitazama, akaushusha mkono polepole, akageuza uso ukutani.

Mwanahalima alibaki palepale Chole. Alimlisha uji na kumkanda miguu, lakini kumgeuza ilikuwa kazi ya Naila. Kifua cha mama kilianza kubana, homa ikapanda. Mganga wa zahanati akasema mapafu yamejaa, akawaandikia dawa, lakini Bi Mboni hakudumu nazo. Alifariki kabla ya nyuzi za bintiye kutolewa.

Wanawake walipokuja kuosha maiti, walimpa Mwanahalima kazi ya kumimina maji. Naila aliinama kumkalisha marehemu, akatetereka.

"Mpitishie mikono kwapani," Mwanahalima alisema. "Sasa mwegemeze kifuani kwako. Usimvute."

Naila akafanya hivyo, huku machozi yakimtoka. Safari hii mwili ulikuja bila shida. Mwanahalima akaendelea kumimina maji.

Baada ya maziko alirudi Kibaha kutolewa nyuzi. Daktari alisema kidonda kimefunga vizuri, kisha akauliza mama anaendeleaje. Mwanahalima akamwambia.

"Pole sana, dada."

"Ningeenda Dar kwenye matundu, ningewahi kumwinua?"

Evodius alivua miwani. "Sijui. Pengine ungepata nguvu mapema. Pengine kingepasuka usifike."

"Haya. Asante, daktari."

Nyumbani alimwomba Bilali akifungue kitanda cha mama, mbao azitumie kwa kazi nyingine. Bilali aliitikia. Wiki ile nzima hakukigusa, na Mwanahalima hakumkumbusha.