Nusu Sahani Mboga

"Mama Rabson, huyo mwanao unamlisha au unamnyima?"

Apolonia, jirani yangu hapa Kihesa, aliniuliza hivyo siku moja aliponikuta napakua. Sahani ya Rabson nusu nzima ilikuwa mboga ya mnafu, maharage pembeni, na ugali wa dona usiozidi ngumi. Kijana wa miaka ishirini na saba, mabega kama mlango. Nikacheka tu. Hata mimi ningeuliza.

Rabson alipoanza kusikia sauti za watu wasiokuwepo, hospitali walimpa dawa, sauti zikanyamaza. Namshukuru Mungu. Ila dawa ile ilimletea njaa ya ajabu. Mkate mzima asubuhi, soda tatu kabla ya mchana. Akanenepa, sukari ikaanza kupanda, suruali zikamkataa, akasema dawa anaacha. Nesi wa kliniki akatuambia dawa isiachwe, kinachobadilishwa ni sahani. Basi tukabadilisha. Sasa anapika mwenyewe, na mnafu wake mimi siufikii.

Na mimi niliwahi kukosea, sifichi. Mwaka ule wa kwanza, wakati wa Kwaresima, nilifunga naye siku tatu, chakula hakuna, dawa hakuna, nikidhani ndiyo imani. Siku ya nne tulimkuta barabara kuu anagombana na malori. Tangu hapo nafunga mimi, yeye anakula.

Kwaresima ya mwaka huu akaja shemeji yangu Jofrey kutoka Igawa, na mchele wake mzuri wa Mbarali begani. Alikuja kumchukua Rabson. Kikundi chao cha maombi kilikuwa kimeshapanga siku saba za kufunga kwa ajili yake. Akienda, dawa zinabaki, na barabara ya Igawa malori yake ni mengi kuliko ya kwetu. Lakini ni mtu mzima, siwezi kumfunga kamba. Nikawa naomba kimoyomoyo.

Rabson akatuandalia. Jofrey akaitazama sahani yake, kijani tupu upande mmoja, akaniuliza taratibu, "Shemeji, humu ndani mmefuga sungura?"

Apolonia, aliyekuja kuomba chumvi, alicheka mpaka akakaa chini. Rabson naye akacheka, kicheko kile cha utotoni kinachomtoa machozi. Miaka minne sikuwa nimekisikia. Nikajifuta macho kwa kanga, nikasingizia moshi.

Jofrey alikula yote, akaongezewa mboga. Kisha akamgeukia Rabson. "Mwanangu, Mungu hashindwi. Siku saba tu, hizo dawa utazisahau."

Rabson akarudisha tonge sahanini.

"Baba mdogo, nilimwomba Mungu azinyamazishe zile sauti, akazinyamazisha. Sasa nirudi nimwambie sikupenda njia aliyotumia?"

Apolonia akasema polepole, "Amina."

Rabson akamaliza mboga zake. Akachukua kidonge, akakimeza kwa maji mbele ya baba yake mdogo, akaisuuza sahani, akaweka jembe begani, akatoka kwenda bustanini kwenye mnafu wake.