Kutu Iliyojua Kwao

Gari lilikuwa limeshatoka nusu, matako nje na kichwa ndani, Mama Pindo aliporudi kutoka kununua nyuzi. Vibarua wawili walikuwa wameliegemea kwenye boneti wakilisukuma kinyumenyume, na shemeji yake ametia mkono dirishani, anageuza usukani huku akiwaelekeza kwa kidevu. Lilikuwa gari la zamani, rangi ya krimu, lenye taa za mviringo, na umri wake ulizidi wa wote waliokuwa wakilisukuma. Liliteremka kizingiti cha banda, likatikisika mara moja, likasimama uani jua likilipiga usoni.

"Linakwenda wapi, shemeji?" Mama Pindo aliuliza.

"Haliendi popote, shemeji. Linakaa nje kidogo."

"Kidogo cha nafasi au kidogo cha muda?"

"We nawe. Kidogo ni kidogo."

Alasiri hiyohiyo banda likajaa mageti na madirisha ya chuma. Ndiyo biashara ya shemeji, na duka lake lilikuwa limemfinya. Banda lilijengwa na kaka yake, marehemu mume wa Mama Pindo, tofali kwa tofali, kabla hata jiko la nyumba halijapata mlango. Marehemu alikuwa dereva wa maharusi. Mke wake akishona magauni, yeye akiwapeleka waliovaa magauni hayo, na baina yao wawili bibi harusi hakuwa na haja ya kutafuta mtu wa tatu. Alipofariki, Mama Pindo aliendelea na kazi zote mbili. Mtoto anayeitwa Pindo hakuwahi kuwepo. Jina lilikuja kwa sababu hakukubali nguo itoke mikononi mwake kabla hajaipitisha pindo kwa sindano ya mkono, hata mteja akae barazani akilia kuwa anachelewa.

Kikao cha familia kilikuwa kifupi. Walikaa sebuleni watatu: shemeji, Mama Pindo, na mama mkwe kwenye kiti chake cha mto.

"Mimi si mtu mbaya," shemeji alisema, na kweli sauti yake haikuwa mbaya. "Gari ni lako maadamu ni gari. Siku likigeuka chuma chakavu ni mali ya familia. Tunaliuza kwa kilo, na pale liliposimama naweka mageti."

"Na banda?" Mama Pindo aliuliza.

"Banda limejaa, shemeji. Si unaliona."

Mama mkwe aliukoroga uji wake ingawa haukuwa na sukari ya kukoroga. "Mwanangu kasema," alisema. Hakueleza kama alikuwa anakubali au anaripoti.

Shemeji alitoka, akarudi na turubai la plastiki, jipya, la buluu, bado lina mikunjo ya dukani. "Usije ukasema sikukusitiri," akasema, akamwekea mapajani.

Mvua zilipoanza, Mama Pindo alilifunika gari kwa turubai lile, akalikaza kwa kamba kila upande kama anavyofungwa mtoto mchanga, hata upepo usipate pa kuchungulia. Alilala usingizi mzuri msimu mzima. Mvua zilipokata akafungua. Ndani mlikuwa na joto na harufu ya sufuria iliyosahauliwa. Gari lilikuwa limetoka jasho. Chini ya milango kutu ilikuwa imetambaa kama upele, rangi imevimba kwenye boneti, na kuzunguka taa kulikuwa na wekundu wa mtu aliyekesha.

Akamwita Nyundo, fundi wa bodi. Walimwita Nyundo si kwa ajili ya kazi yake tu, bali kwa vile alivyoongea: mara chache, na pale pale.

"Nani kakwambia ulifunike hivi?"

"Shemeji kanipa turubai."

Nyundo aligonga mlango kwa kucha, akasikiliza. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Nguoni mwake," Mama Pindo alimsahihisha, akilionyesha gari.

"Haya, nguoni mwake. Chuma hakina ugomvi na mvua, mama. Mvua inapiga, inapita zake. Ugomvi wake ni unyevu uliokosa mlango wa kutokea. Livue plastiki. Livalishe kitu kinachopumua."

Mtu mwingine angeyasikia maneno hayo akaenda kutafuta turubai jingine. Mama Pindo alikwenda kuchukua futi ya kupimia. Alilipima gari mabega, kiuno na urefu wa mgongo. Alikata turubai la pamba zito, akalitia bitana laini lisikwaruze rangi, akaliwekea matundu kwapani, chini ya vioo vya pembeni, hewa ipate kuingia na kutoka. Kwenye taa alipiga mikunjo midogo kama ya kifua cha blauzi. Nyundo alilizunguka gari lilipovaa.

"Umesahau kifungo cha shingo," alisema.

"Kipo. Chini ya bampa."

Kabla ya kulivika lakini, ilikuwa imebidi kuitoa ile kutu. Nyundo alileta msasa, ila haukutumika. Mama Pindo alipoitia ukucha kwenye ukingo wa mlango, kutu ilibanduka nzima, kipande kama gamba la kidonda kilichoiva, ikaanguka chini. Ya boneti nayo ikafuata, kisha ya kwenye taa. Vipande vilijikusanya ardhini, vikakaa kidogo kama mgeni anayejiuliza njia, halafu vikaanza safari. Vilivuka uani polepole, vikapita barazani ambako mama mkwe alikuwa ameketi. Mama mkwe aliinua miguu ili vipite. Vikafika kwenye banda na kuingia kwa chini ya mlango.

"Inakwenda wapi?" Mama Pindo aliuliza.

"Kwao," Nyundo alisema, akirudisha msasa mfukoni. "Kutu hulala linapolala gari. Hakuna aliyeiambia kuwa gari limehamishwa."

"Zote hufanya hivyo?"

"Niliwahi kuiona ya baiskeli. Ilihangaika zaidi, maana baiskeli ilikuwa imeibwa."

Tangu hapo kazi ikapata mpangilio wake. Nyundo aliweka vipande vya zege chini ya magurudumu gari lisisimame juu ya udongo wenye maji, akalipaka oili chafu tumboni. Kila mvua inapokatika, Mama Pindo alilivua gari nguo, akaianika kambani kati ya shuka na magauni, akafungua milango yote minne na buti. Matundu madogo yaliyo chini ya milango, yale yanayozibwa na majani na kuacha maji yamesimama ndani, aliyazibua kwa sindano ya kufumia. Alifuta, akakausha, akapaka nta kwa mduara mpaka boneti ikarudisha sura yake mwenyewe. Kutu yoyote iliyokuwa imejaribu kutua usiku ilishuka kwenye tairi, ikashika njia ya banda. Paka wa nyumbani aliizoea, akawa haigeuzii hata shingo.

Alizipenda asubuhi hizo. Nta ilinukia, redio ilikuwa dirishani, na mama mkwe hakuacha kulikosoa gari kutoka barazani.

"Upande wa kushoto umelinyima."

"Nakuja huko, mama."

"Marehemu alianza na kushoto."

"Marehemu alikuwa na mashoto."

"Ndiyo. Nilimzaa mimi."

Kila wiki alilizungusha mpaka mwisho wa barabara na kurudi, breki zisigande. Maharusi waliendelea kuja. Alipompeleka mmoja, mama wa bibi harusi aliuliza gari kama hili linatunzwa gereji gani. Mama Pindo akamjibu kuwa lina nguo zake.

Mvua nyingine zilipokwisha, shemeji alikuja na bisibisi kuangalia kama gari limegeuka chakavu. Alidunga chini ya milango, akadunga sakafu, akainama kutazama tumbo. Kila alipogonga, gari liliitika kwa sauti ya kitu kizima. Akasimama, akajipangusa magoti. Kisha akaenda kufungua banda, ambalo hakuligusa msimu mzima, na kufuli likamvunjikia mkononi kama biskuti. Mlango ulipofunguka, mageti yalikuwa yamesimama kwa safu, yote rangi ya chai ya rangi. Bawaba zilikuwa zimemeng'enyuka. Hata bizimu la mkanda wake, kwa kusimama pale kizingitini tu, lilianza kubadilika.

Aliwaita wote barazani. Nyundo alikuwepo, kaja kunyoosha bampa, akabaki kusikiliza.

"Shemeji, kutu yako iko bandani kwangu."

"Haijaja kwako," Mama Pindo alisema. "Imekuja kwenye banda la gari."

"Iambie itoke."

"Haina masikio, shemeji. Lirudishe gari ndani na hakutakuwa na kutu ya kwenda popote. Humo hamnyeshi."

Shemeji alimgeukia mama yake. "Mama, sema."

Mama mkwe alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, akautazama ule mstari mwekundu uliochorwa uani kwa kupita kwa kutu, mnyoofu kama uliopigwa rula, kutoka garini hadi mlangoni. Alikuwa ameona kila kitu tangu siku ya kwanza, na wote walijua ameona. Mama Pindo alishika kitambaa chake cha nta akingoja. Kama ni siku ya banda kurudi, ilikuwa hiyo.

"Kutu imeshasema," mama mkwe alisema. "Mimi niongeze nini?"

"Basi lirudi?" Mama Pindo aliuliza.

"Lingerudi. Lakini mageti yale mazito, mwanangu. Nani atayatoa?"

Vibarua walikuwa wawili, wamekaa pale pale kwenye ngazi, mikono mitupu. Hakuna aliyewataja. Nyundo alikohoa, akarudi kwenye bampa.

Wiki hiyo alikuja mteja, mwanamke anayejenga nyumba ya wageni. Alipita mageti mapya yaliyopakwa rangi mbele ya banda bila kuyasimamia. Akaingia ndani, akapitisha kiganja kwenye geti lililoshika kutu kuliko yote, akarudi nyuma hatua moja kulitazama vizuri.

"Haya ya kizamani," alisema, "mnayo mengine?"

Shemeji hakupepesa jicho. "Hayo ni ya oda maalumu."

Wakaja wenziwe. Ikawa mtu asiye na geti la rangi ile anaonekana amejenga haraka. Shemeji alipaka vanishi juu ya kutu isizidi kula, akaacha kabisa kuja na bisibisi. Badala yake alisimama uani mvua zikichelewa, mikono nyuma, akitazama mawingu.

"Mbona wiki hii kavu, shemeji?"

"Muulize mwenye mvua."

"Hulifunui mapema mno lakini? Liache lilowe kidogo."

"Gari langu halichezewi, shemeji. Kutu itakayokuja itakuja."

"Sawa, sawa. Muhimu lisitoke hapo lilipo."

"Tugawane basi banda. Nusu mageti, nusu gari."

"Shemeji, gari likiingia, mimi nitauza nini?" Aliuliza kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma asiyejua hesabu, akampa mkungu wa ndizi.

Mama Pindo aliupokea, akaugawa kwa vibarua, akaenda kulivika gari. Habari ya chuma chakavu haikutajwa tena katika nyumba ile. Hilo alilipata, na lilimtosha kulala vizuri. La banda hakuacha kulisema, kila mvua mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma saa.

Shemeji alifungua duka la pili, kisha la tatu. Funguo zake zote alizichongesha za mbao. Mama mkwe aliishi miaka mingi, akafariki wakati wa kiangazi, akapelekwa makaburini katika gari la krimu, kiti cha nyuma kikiwa kimetolewa. Nyundo alioa. Gauni la mkewe lilikuwa na pindo la mkono, na Nyundo aliliendesha gari mwenyewe kwenda harusini kwake kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na klachi. Vibarua waliacha kazi, wakaenda kusukuma vitu vingine. Mama Pindo bado anashona, kwa miwani, na sindano anatungiwa na wateja. Gari liko katika nguo yake ya nne, na linawaka kwa jaribio la kwanza hata asubuhi za baridi. Linalala nje. Kutu inaendelea kwenda bandani, na banda linaendelea kuwa la shemeji.