Mlinganyo Uliorukwa

Wanafunzi walimwita Mwalimu Sawasawa, wala hakukasirika. Jina lenyewe alilipata kwa ubishi wake ubaoni: mlinganyo usiposawazika hatoki mtu darasani, hata kengele ilie mpaka ikaukwe na sauti.

"Atomu haifi, wala haizaliwi," alikuwa akisema, akigonga ubao kwa kifundo cha kidole. "Inahama tu, inabadilisha majirani. Zilizoingia kushoto, hesabu yake tuione kulia."

Siku hiyo aliandika haidrojeni na oksijeni upande mmoja, maji upande wa pili: H₂ + O₂ → H₂O. Akamwinua kijana mmoja aliyejiita Profesa, mcheshi wa darasa. Profesa alihesabu oksijeni mbili kushoto, moja kulia, akatabasamu kama aliyeokota hela, kisha akachomeka kijinamba kidogo nyuma ya O. Maji yakawa H₂O₂.

"Hongera," mwalimu akasema. "Mgeni kaomba maji, wewe umempa dawa ya kubabua ngozi. Kijinamba cha chini hakiguswi! Ukikigusa umebadilisha kitu chenyewe. Namba unaiweka mbele, kubwa, ionekane."

Darasa zima likaangua kicheko. Profesa akafuta, akaweka mbili mbele ya maji, kisha mbili mbele ya haidrojeni, akainama kama mchezaji jukwaani.

Mmoja tu hakucheka. Karibu na mlango, mahali pake pa siku zote, alikaa binti wa marehemu dada yake mwalimu. Mama yake alimpa jina la Chiriku kwa kupenda kuongea. Jina lilibaki, maneno yakakauka. Alikuwa mdogo mama yake alipofariki, na tangu hapo aliishi na bibi yake na mama yake mdogo, yaani huyo huyo mwalimu. Nyumbani hakulala mlango ukiwa umefungwa. Ukimfungia alikaa kitandani macho makavu, akisikiliza.

Alichokuwa akikisikiliza walikijua wote. Bibi ndiye aliyemwambia, na ndiye aliyewaambia majirani: mama yako alikabwa na jinamizi usingizini. Mwalimu aliujua ukweli. Lakini siku ya mazishi bibi alimshika mkono akamvuta pembeni. "Watu wasije wakasema mwanangu alijiua kwa uzembe wake. Unanielewa?" Akaelewa, akanyamaza. Toka siku ile, mwishoni mwa sura ya milinganyo palikuwa na swali moja ambalo hakuwahi kulifundisha. Alilipita kama mtu anavyopita nyumba yenye mbwa mkali.

"Haya, zoezi," akasema. "Fanyeni yote, ila la mwisho liacheni."

"Mwalimu."

Alikuwa Chiriku. Darasa liligeuka, maana sauti yake haikuzoeleka.

"La mwisho nimeshalifanya. Niandike?"

Mwalimu alitaka kukataa. Binti alikuwa tayari ameshika chaki. Aliandika kwa mwandiko mdogo, ulionyooka: C + O₂ → CO. Akarudi nyuma hatua, akapima kwa macho. Oksijeni mbili kushoto, moja kulia. Akaweka mbili mbele ya CO. Sasa kaboni zikawa mbili kulia, moja kushoto. Akaweka mbili mbele ya C.

2C + O₂ → 2CO.

"Imekaa sawa," akasema. "Lakini hii gesi ni ipi? Ile ya kaboni uliyotufundisha kwanza ina oksijeni mbili."

Profesa, asiyejua kitu, alikuwa ameshafunua kitabu na kuanza kusoma kwa sauti ya mtangazaji. "Kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hutokea mkaa unapoungua mahali penye hewa haba, mfano jiko likiachwa ndani ya chumba kilichofungwa. Anayeivuta hulegea, huumwa kichwa, husinzia, na..."

"Inatosha," mwalimu akasema.

Chiriku alibaki ameuelekea ubao. Mgongo wake haukutikisika. Aliirudisha chaki kwenye kibao chake, polepole, kama anayelaza mtoto asiamke.

Kengele ilipolia alimfuata mwalimu kwenye chumba cha nyuma ya maabara, kati ya makabati ya chupa na sinki lenye doa la buluu. Akaufunga mlango mwenyewe.

"Mama mdogo, jiko lilikuwa ndani?"

Shuleni hakuwahi kumwita hivyo.

"Lilikuwa ndani."

"Na dirisha?"

"Lilifungwa. Ulikuwa na homa, baridi ilikuwa kali. Mama yako alitaka upate joto. Mpaka chini ya mlango alisokomeza nguo, upepo usikuguse."

"Kwa hiyo hakuna kilichokuja."

"Hakuna kilichokuja, mwanangu. Ni hewa tu."

Chiriku alitikisa kichwa.

"Kilikuja. Mimi nilikisikia. Kilinishika mguu, hapa, kikanivuta kutoka kitandani. Nikagonga kichwa sakafuni. Kikanivuta, kikaacha, kikanivuta tena. Sikumwambia mtu. Kila nikilala nasubiri kinirudie."

Mwalimu aliegemea sinki. Aliiona ile asubuhi kama iko mle chumbani: mlango ulioshindwa kufunguka, bega la jirani likiuvunja, joto lililowapiga usoni.

"Tuliwakuta wote wawili mlangoni," akasema. "Wewe mbele, pua imeelekea chini ya mlango. Ile nguo ilikuwa imechomolewa. Yeye nyuma yako, amelala kifudifudi. Mkono wake ulikuwa bado umekushika kifundo cha mguu. Mimi ndiye niliyevifungua vidole vyake, kimoja kimoja."

Chiriku hakulia. Alikaa chini sakafuni, akaukunja mguu, akautazama kama si wake.

Walirudi nyumbani pamoja jua likiwa bado juu. Bibi alikuwa uani, ameketi kwenye mkeka, anakunja nguo zilizokauka.

"Bibi," Chiriku akasema, hata salamu hakutoa, "mama hakukabwa. Alikuwa macho."

Bibi aliiacha nguo mapajani. Alimtazama mwanawe, si mjukuu. "Tulikubaliana nini mimi na wewe?"

"Mama, mtoto kaligundua mwenyewe. Ubaoni. Ningefanyaje?"

"Ungenyamaza, kama ulivyonyamaza siku zote!"

"Alinivuta mpaka mlangoni," Chiriku akasema. "Alinishika mguu akanivuta."

Hilo bibi hakulijua. Asubuhi ile alifika wakiwa wameshamlaza marehemu kitandani na kumfunika, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza walivyomkuta. Miaka yote hiyo alimfikiria mwanawe amelala fofofo, anaondoka bila habari.

"Alikuvuta?"

"Alinivuta, bibi."

"Kweli alijua?" Akamgeukia mwalimu. Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

Bibi alizisogeza nguo pembeni, zilizokunjwa na zisizokunjwa, zote zikachanganyika. Akapapasa mkeka mbele yake.

"Kaa hapa. Nionyeshe."

Chiriku akakaa, akanyoosha mguu. Bibi akaweka mkono wake wenye makunyanzi kwenye kifundo, kwa woga, kama anayegusa chungu asichojua kama ni cha moto.

"Hivi?"

"Zaidi, bibi," Chiriku akasema. "Alikaza."

Bibi akakaza.