Zahanati ya Gredi ya Sita

Jumatatu moja, bendera ilipokwisha kupandishwa, Mwalimu Ruweyda aliwaambia wanafunzi wa Gredi ya Sita wageuze madawati. Machache yaliunganishwa yakawa kitanda, moja likawa meza ya daktari, na yaliyobaki yakasukumwa ukutani yawe mabenchi ya wagonjwa. Koti la daktari lilikuwa kanzu nyeupe ya mwalimu mkuu, Mohamednoor, ambayo aliitoa shingo upande. Kipimo cha moyo kilikuwa kamba ya mbuzi iliyofungwa kifuniko cha mkebe wa maziwa ya unga.

Ruweyda alikuwa mzaliwa wa Garissa mjini, mwalimu wa mkataba, na tangu aletwe Garasweyn, kituo kidogo katikati ya Wajir na Diff, alikuwa amejaribu mengi ili Kiingereza kiwaingie watoto. Alibandika karatasi zenye majina ya vitu darasani. Mbuzi wakaingia wakati wa mapumziko wakayala majina yote, kuanzia mlango hadi dirisha. Aliwafundisha wimbo wa siku za juma. Waliuimba kwa sauti tamu, lakini ukimuuliza mtu leo ni siku gani, ilibidi aanze kuimba tangu mwanzo. Sasa kitabu kilikuwa kimefika mada ya Hospitalini. Akamkumbuka mhadhiri wake wa chuoni aliyezoea kusema kwamba lugha haikai kichwani mpaka ipite kwanza mikononi na miguuni. Basi wangeigiza.

Zahanati yenyewe ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Ilikuwa imejengwa kwa mawe, imepakwa rangi, na imefungwa kwa kufuli. Muuguzi hakuwahi kuletwa. Nyuki walikuwa wamehamia ndani, na watu walisema afadhali wao, wako kazini saa zote.

Daktari alikuwa Naimo, msichana mwenye mwandiko mzuri na ulimi usiosamehe. Mgonjwa wake hakufika shuleni siku hiyo. Alikuwa amekwenda kunywesha mifugo. Lakini dirishani alikuwa amesimama babu yake Naimo, mzee Bulle, mchunga ngamia, aliyekuja kuuliza ni nani aliyechukua kamba yake.

"Adeer, karibu ndani," Ruweyda alimwambia kwa adabu. "Tusaidie kidogo. Keti hapa uwe mgonjwa."

"Hiyo si kazi ngumu," alisema Bulle akikaa taratibu. "Mgongo huu unaniuma tangu ukame ule uliomaliza ng'ombe."

Naimo akamwekea kifuniko kifuani, akamuuliza kwa Kiingereza ana shida gani. Ruweyda akamnong'oneza mzee jibu lililo kitabuni, naye akalirudia kama alivyolisikia:

"I haf a bain in my back."

"Si *bain*, awowe," daktari alimwambia babu yake. "*Pain*."

"Bain."

"*Pain*. Funga midomo, halafu ipasue kama unapuliza makaa."

Mzee akafunga midomo, akaipasua. "Pain!" akasema, na maumivu yakatoka mgongoni. Akasimama, akajinyoosha mpaka kofia yake ikagusa boriti, akasema alhamdulillahi, akafungua kamba yake kwenye kile kifuniko akaenda zake. Somo likaendelea bila kipimo cha moyo.

Mwalimu mkuu alipoelezwa, aliuliza jambo moja tu. "Alisema sentensi nzima?"

"Nzima, mwalimu."

"Basi vizuri," alisema Mohamednoor, akaulizia kanzu yake itarudi lini.

Kesho yake foleni ilianzia mlangoni ikazunguka tangi la maji. Watu hawakuja na maswali, walikuja na maradhi. Mohamednoor aliagiza tu kwamba matibabu yasianze kabla ya kuitwa majina ya wanafunzi, na kwamba kila mgonjwa aje na chaki yake mwenyewe, kwa kuwa vidonge alivyovitoa Naimo vilikuwa vipande vya chaki na shule ilikuwa imebakiwa na pakiti moja.

Haukupita muda watu wakagundua kwamba hospitali hii haikutibu ugonjwa, ilitibu sentensi. Idman, muuza maziwa ya ngamia, alikuja na shavu limevimba, akachanganya wakati akasema "I had a toothache." Papo hapo alisahau maumivu yote ya jino lililong'olewa alipokuwa msichana, neema ambayo aliishukuru, lakini jino la leo likaendelea kumpiga kama nyundo. Ilimbidi arudi nyuma ya foleni akijisomea. Mwenye duka alikuwa na kidonda mguuni, akasema "he has" badala ya "I have". Aliyepona ni Najib, jirani yake, aliyekuwa mbali malishoni na hata hakuwa amemweleza mtu kwamba anaumwa. Najib aliporudi alimletea mwenye duka kibuyu cha maziwa kwa shukrani. Mwenye duka aliyapokea huku akichechemea.

Basi Garasweyn ikasoma. Kinamama walinyambua vitenzi kisimani. Wazee waliokuwa wakibishana juu ya bei ya ngamia sasa walibishana kama homa inahitaji "a" au haihitaji. Mtu akikohoa usiku, mkewe alimuuliza, kabla ya kumpa maji, angelisemaje jambo hilo kwa ufasaha.

Ruweyda alifurahi kwa majuma kadhaa. Hakuna mwalimu wa Kiingereza aliyewahi kuona njia yake ikifanya kazi kiasi hicho. Kisha ukaja mtihani wa majaribio, na darasa likatakiwa kuandika insha kuhusu siku ya furaha. Naimo aliandika kwamba siku ya Idi aliamka na homa kidogo, shangazi yake akatapika mara mbili kwa siku baada ya kula, mjomba akafunga bendeji mpya, na wote wakafurahi sana. Ndiyo iliyokuwa insha bora. Katika nyingine, hakuna aliyefika mwisho akiwa hai.

Jioni hiyo Naimo alimfuata mwalimu wake ofisini, bado amevaa kanzu inayoburuta vumbi.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Watu wasioumwa huzungumza nini kwa Kiingereza?"

Ruweyda akaitazama ile insha ya Idi mezani.

"Nimechoka na kuhara kwa watu," Naimo aliendelea. "Kitabu bado kina kurasa. Nimezichungulia. Mada inayofuata ni Uwanja wa Ndege. Mimi nataka kuuliza ndege inaondoka saa ngapi. Nataka kuambiwa nifunge mkanda."

"Na wale walioko nje?"

"Wale ni wa serikali, Mwalimu. Sisi ni wa Gredi ya Sita."

Maneno hayo yalimchoma Ruweyda kwa sababu yalikuwa kweli. Alimjua mtoto huyu: mwakani angekwenda sekondari ya chini, ashindane na watoto waliokwisha kujifunza kununua, kuomba radhi, kusafiri na kubisha. Lakini pia alijua kwamba darasa likishageuzwa kuwa kitu kingine, hakuna aliyejua kama litakubali kuwa hospitali tena. Alilala vibaya. Asubuhi alipiga moyo konde, akawaamuru watoto wageuze madawati yawe ndege.

Naimo alivaa kofia ya rubani iliyokatwa kwenye katoni ya tambi. Abiria walikaa wawili wawili. Rubani alikuwa ndiyo kwanza amewatakia safari njema, na kupitia dirishani uwanja ulikuwa umeanza kuonekana mdogo, pale mkokoteni wa punda ulipofika ukiwa umembeba Tiya, mke wa Jirma.

Hao walikuwa Waborana waliokaa na mifugo yao upande wa magharibi wa kituo. Tiya alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana. Ugbad, mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji, alikuwa amepanda naye mkokotenini, na uso wake haukuwa na utani.

"Mtoto amelala vibaya," alisema Ugbad. "Mikono yangu imefika mwisho wake. Lori la Wajir limeshaondoka. Mwalimu, kazi ni kwenu."

Jirma alisimama akiwa ameshika hatamu ya punda, akamtazama Ruweyda kama mtu anavyotazama mawingu.

"Naimo," Ruweyda aliita.

Rubani alitazama mkanda wake wa kamba. Akaufungua. "Abiria, tunashuka," alisema, na wote wakahisi masikio yakiziba kidogo. Madawati yakaburutwa kurudi mahali pake.

Tatizo lilikuwa kitabu. Kilikuwa na mafua, malaria na kuvunjika mkono, kuzaa hakikukutaja. Ruweyda akatunga sentensi mwenyewe, akapiga magoti kando ya kitanda, akamfundisha Tiya neno baada ya neno: "I am having a baby."

Tiya hakujua Kiingereza hata cha salamu, lakini aliisema. Mtoto akaja kidogo, kisha akarudi. Akaisema tena. Mtoto akaja, akarudi. Jua likapanda. Tiya aliisema mpaka hakuna aliyeweza kumkosoa hata herufi, na bado mambo yakawa yale yale, mwendo wa mtu anayetwanga maji. Ugbad alianza kusoma dua kwa sauti ya chini.

Naimo alikuwa amekaa kwenye meza ya daktari, kidevu mkononi, akisikiliza.

"Mwalimu," alisema ghafla, "hiyo *-ing* ndiyo mbaya."

"Vipi?"

"Ulitufundisha mwenyewe kwamba ni ya jambo ambalo halijaisha. Akiendelea kusema hivyo atakuwa anazaa mpaka Ramadhani."

Ruweyda akaona aibu, na ndani ya aibu ile ile akaona raha ambayo walimu wachache hujaliwa. Akamwachia nafasi. Naimo akamwinamia Tiya sikioni, akamwita shangazi kwa heshima.

"Eedo, sasa sema hivi: *I have a baby*. Na usiisahau ile *a*. Usipoitaja hatujui watakuja wangapi."

Tiya alikilaani Kiingereza kwanza kwa Kiborana, kwa kirefu, chenyewe na waliokileta. Kisha akavuta pumzi, akakaza meno.

"I hafe a bebi," alisema.

Na alikuwa naye. Mtoto wa kike, mzima, akilia katika mikono ya Ugbad, ambaye alimgeuza huku na huku akitafuta kosa asilione. Jirma akaiachia hatamu ya punda, akaketi chini pale pale mchangani. Wanafunzi waliombwa watoke nje, wakatoka, na kwa kuwa ilikuwa saa ya hesabu, wakafanya hesabu.

Habari zilifika mjini, na afisa wa afya akaja na gari la kaunti. Alikuwa mtu mpole mwenye vidonda vya tumbo. Aliingia foleni kama watu wengine, akaeleza tumbo lake kwa Kiingereza kisafi kiasi kwamba Naimo hakuwa na la kurekebisha, akapona, akala nyama ya mbuzi kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Ndipo wazee wakamzunguka.

"Sasa muuguzi iko wabi?" aliuliza Bulle kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii mtoto nataka kusoma. Wewe leta muuguzi, fungua kufuli."

Mohamednoor aliliweka ombi hilo hilo kwa heshima zaidi. Afisa alifuta mikono, akasimama, na kwa kuwa palikuwa na wanafunzi, aliona afadhali ajibu kwa Kiingereza.

"A nurse is coming," alisema.

Darasa zima likashusha pumzi. Naimo akanyoosha mkono.

"Sir, samahani. Tafadhali sema *A nurse has come*."

Afisa alicheka kwa upole. "Hilo siwezi kulisema, binti. Sina idhini."

"Ni maneno matatu tu, manne ukihesabu *a*."

"Najua," alisema afisa, na kweli alionekana kusikitika. Akaaga kila mtu kwa jina la heshima, akaondoka.

Tangu siku hiyo muuguzi anakuja. Madereva wa malori humkuta barabarani, upande huu wa Wajir, akitembea na mkoba wake, viatu vimepigwa rangi. Wakisimama kumpa lifti, yeye hushukuru na kusema hana haja, yuko njiani. Humpa maji. Wakipita tena juma linalofuata, humkuta kwenye mti ule ule, akikanyaga kwa bidii. Wanasema ni kijana mwenye adabu na anaonekana hodari wa kazi.

Ruweyda aligawa siku. Asubuhi wagonjwa, alasiri kitabu. Naimo akarusha ndege yake, akanunua tiketi, akabishana na meneja wa hoteli mpaka meneja akalia, na mwaka ulipogeuka akaingia sekondari ya chini, kanzu ameirudisha ikiwa imefuliwa.

Daktari mpya ni Issack, mvulana mtaratibu wa Gredi ya Sita ya sasa. Vitenzi anavijua sawasawa, ila vihusishi vinampa taabu. "In" na "on" kwake zote ni "on", hata ugonjwa ukiwa ndani ya mwili. Watu wamelizingatia. Wenye vipele, majipu na michubuko hupanga foleni mlangoni pa darasa, na wenye maumivu ya ndani hukaa ng'ambo ya barabara juu ya magunia yao, wakisubiri lori la Wajir.